Ubao wa Mtoto wa Direkteri

Mimi na harufu ya mpira unaoungua hatupatani. Nikipita penye kibanda cha kuziba magurudumu hujiziba pua mpaka nifike ng'ambo ya pili, na wajukuu wangu hucheka wakisema bibi ana kinyaa cha Kizungu. Kinyaa changu hakikutoka Ulaya. Nilikipatia Albertville, mji ambao leo ni Kalemie, mwaka ule mji ulipofanywa makao makuu ya jimbo na watu tuliokuwa tukiombana chumvi wakahamia kilimani, katika nyumba za Wazungu walioondoka.

Mmoja wao alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta kule site, mtaa wa wafanyakazi. Alikuwa karani. Papa alikuwa seremala wa maboti, na kwa kuwa alimzidi umri, karani alimwita Yaya, yaani kaka mkubwa. Alikula kwetu mara nyingi kuliko nilivyopenda, maana alikuwa na mkono mwepesi kwenye sahani ya samaki. Mke wake alisukwa nywele na Mama, amekaa chini katikati ya magoti ya Mama, wawili wakiusengenya mtaa mzima kuanzia nyumba ya kwanza mpaka ya mwisho. Binti yao na mimi tulilingana umri, tulikaa darasa moja, na hata miguu yetu ilikuwa kipimo kimoja. Siku ya Komunyo ya kwanza kulikuwa na jozi moja tu ya viatu vyeupe kwa nyumba zote mbili. Mimi nilivivaa misa ya kwanza, yeye akanisubiri nje ya kanisa akiwa peku, tukabadilishana pale pale mlangoni, akaingia navyo misa ya pili vikiwa bado na joto langu. Vilimkaa sawasawa. Hakuna aliyefikiria kuvipaka dawa.

Basi uhuru ukaja, vurugu zikaja, askari wa ONU, wale wa Umoja wa Mataifa, wakaja, na vumbi lilipotulia kidogo karani alikuwa Direkteri wa ofisi moja ambayo sitaitaja, kwa sababu ofisi haikuwa na kosa. Nyumba aliyopata ilikuwa na baraza pana lililotazama ziwa, na chini yake, ufukweni, kibanda chenye boti ya mota. Wiki ya kwanza mke wake aliteremka kusukwa kama kawaida. Wiki ya pili alimtuma mtu kumwita Mama apande. Mama alijibu kwamba magoti yake hayajui kupanda kilima, na habari ya kusukwa ikaishia hapo. Mimi nilimlilia rafiki yangu kama mtu aliyesafiri nchi ya mbali, na kumbe alikuwa mahali ambapo ningefika kwa nusu saa ya mguu.

Ubao wenyewe ulifika kwetu juu ya paa la gari la Direkteri, Jumamosi moja ya kiangazi. Mama alipangusa kiti, kile kile alichokuwa akikikalia siku zote, akakiweka kivulini. Direkteri alikitazama, akabaki amesimama.

"Menizie," alimwambia Papa. Hakusema Yaya. Alitumia neno la Kifaransa la seremala, kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana.

"Ndiyo, Direkteri," Papa akajibu. Nilikuwa na miaka kumi na sikujua bado kwamba mtu anaweza kumwonea haya baba yake.

Waliuteremsha. Ulikuwa mrefu kumpita Papa, mwembamba, wa mbao nzuri zilizogandishwa tabaka juu ya tabaka, ncha ya mbele imepinda juu na mkia umechongoka. Chini ya mkia kulikuwa na pezi la chuma kama la samaki, na juu, sehemu mbili za mpira za kuingizia miguu, moja nyuma ya nyingine. Wazungu waliuita ski. Mtu alivaa, akashika kamba, boti ikamvuta akiwa amesimama juu ya maji. Wengi walivaa mbao mbili, kila mguu na wake. Huu ulikuwa wa mafundi, wa kusimamia miguu yote miwili kwenye ubao mmoja.

Direkteri hakulijua hilo alipoukuta gereji. Aliona mmoja, akaamua kwamba mwenzake ameibiwa, na akamfukuza siku ile ile boi wa nyumba, mtu aliyewafanyia Wazungu kazi miaka mingi bila kupoteza kijiko. Dereva wa boti ndiye aliyekuja kumweleza kwamba ubao ule haukuwa na mwenzake tangu ulipozaliwa. Direkteri alisema sawa. Boi hakuitwa kurudi. Mambo haya alitusimulia mwenyewe uani kwetu, huku akicheka, akidhani ni kichekesho.

"Unaona, huu ni murefu sana kwa mutoto," akamwambia Papa. "Ukate, ufanane na kimo chake. Wageni wakubwa wa Leopoldville watafika mwezi ujao. Ninataka wamuone mutoto wangu anapita mbele ya baraza, juu ya maji, vile watoto wa Wazungu walikuwa wanapita. Watoto wao waliweza. Wetu hawana miguu?"

Nitasema kweli, neno lile la mwisho lilikuwa zuri. Papa alinyoosha mgongo aliposikia, na mimi pia. Tuliwaona watoto wale wa Kizungu miaka yote tukiwa upande wa mawe, sisi na makarai yetu ya samaki. Ubaya wa watu wa namna ya Direkteri ni kwamba hawakosi neno zuri la kuanzia.

Rafiki yangu aliitwa atoke garini ili apimwe. Alitoka na viatu vyeusi vya bizimu na soksi nyeupe, mama yake akimwambia kwa dirishani asikanyage matope. Alinitupia tabasamu dogo na mimi nikalidaka. Papa alipiga goti mbele yake na uzi wake wa kupimia. Hapo ndipo kila mtu uani alipaswa kusikia maneno mawili, vua viatu. Papa hakuyasema. Alizungusha uzi juu ya kiatu, juu ya soksi, juu ya bizimu la chuma, akafunga fundo, akashukuru, na gari likaondoka.

Baadaye alikaa na ule uzi mapajani akiutazama. "Kiatu hakiingii mu maji," alisema.

"Ungemwambia avue," Mama akamjibu.

"Ningesema namna gani? Ule njo mutoto wa watu. Siwezi kumuvua viatu mutoto wa mukubwa mu lupango, mu kiwanja cha kazi."

Ndivyo tulivyo, au ndivyo tulivyokuwa. Mtu aliyeweza kumwambia fundi wa Kibelgiji kwamba ubavu wa boti umepinda hakuweza kumwambia mtoto mweusi wa jana avue viatu, kwa sababu baba yake amekuwa mkubwa na wakubwa wapya huumia upesi kuliko wa zamani. Mama alinyanyua kidevu chake kunionyesha mimi. "Muguu wake si ule pale? Umesahau viatu vya Komunyo?"

Kwa hiyo nilipimwa mimi, peku, mguu wangu juu ya paja la Papa.

Kazi yenyewe sina neno la kuitia dosari. Papa aliutazama ubao siku mbili bila kuugusa. Alisema ncha ya mbele isiguswe, maana anayeunda boti hakati pua yake. Akakata nyuma, akauchonga mkia upya, akapunguza mbavu kwa randa kidogo kidogo mpaka ukawa mwembamba wa kunifaa, akalisogeza pezi mbele kwa kadiri ya alichokata, akapaka vanishi mara tatu. Shida ilikuwa mpira. Ule wa mwanzo ulikuwa wa mguu wa mwanaume wa Kizungu, ndani yake ningeweza kuingiza miguu yote miwili na nafasi ikabaki. Papa alitafuta mpira wa ndani wa gurudumu la kamyo la mizigo, mweusi, mzee, wenye viraka, akaukata vipande na kuvikaza kwa vibati vya bati na parafujo, kimoja cha kufunika kidole mpaka kifundo na kingine cha kubana kisigino.

Mpira ule ulinuka kama kitu kilichokufa chini ya kitanda. Ulikuwa umelowa jasho la njia zote kutoka Kabalo. Nilivaa na kuvua siku nzima huku Papa akikata na kupunguza, na ngozi ya kisigino changu ikatoka. Ili mguu uingie, alichukua mafuta ya mawese jikoni akanipaka mpaka kwenye muundi. Mama alipogundua kwamba mawese yake ya kupikia sombe, majani ya muhogo, yamekwenda kwenye mguu wa mtu, alizungumza kwa muda mrefu. Dereva wa boti naye alipopita kuona akatikisa kichwa: mafuta huoza mpira, Wazungu walitumia maji ya sabuni. Tukahamia sabuni, lakini mawese yalikwisha kuingia, na kuanzia hapo ubao ulinuka vitu viwili.

Halafu Direkteri akatoa amri ya pili. Mtoto wake asinyweshwe maji kwa ajili ya majaribio. Ubao ujaribiwe kwanza, ukishakubali ndipo aletewe. "Wako si anajua kuogelea?" alimwuliza Papa, na kabla Papa hajajibu alinigeukia mimi. "Ukisimama muzuri, siku ya wageni na wewe utazunguka. Mutazunguka wote wawili, kama zamani."

Kama zamani. Alinikamata kwa maneno hayo mawili. Nilikula nayo, nikalala nayo. Nilijiona nimesimama juu ya maji mbele ya mji mzima, nikishuka pale naye rafiki yangu anapanda, tunabadilishana mlangoni kama siku ya viatu.

"Mutoto wangu njo chambo?" Mama alimwuliza Papa.

"Ni kazi, Mama."

"Kazi ni yako. Maji ni yake."

Lakini nilikuwa nimekwisha kutoka nje kutafuta kaptula ya kuogelea nayo.

Tulijaribia asubuhi, kabla upepo haujaamka, upande wa pili wa bandari, mbali na mdomo wa mto Lukuga wenye mamba. Dereva wa boti alikuwa mtu mfupi wa upande wa Moba, mkimya, aliyeendesha boti ile tangu wakati wa wenye nayo. Alinifundisha kukaa ndani ya maji, magoti kifuani, ncha ya ubao nje, kamba katikati ya mikono. "Usivute kamba," alisema. "Acha kamba ikuvute wewe."

Nilianguka. Nilianguka asubuhi ile, na ya pili, na ya kumi. Boti ilipoondoka ubao ulipinda upande, uso wangu ukalima maji, kamba ikaniponyoka. Maji yale ya karibu na bandari yalikuwa na ngozi ya mafuta ya mota juu yake, na kina mama waliopasua migebuka kwenye mawe walitupa matumbo pale pale. Nimeyanywa hayo yote. Utumbo wa samaki ulinishika nywele siku moja, nikautoa kwa vidole mbele ya wavuvi waliokuwa wakinicheka. Pua iliniwaka mchana kutwa, na nilipokula bukari, ugali wetu, nilisikia ladha ya mota. Lakini nilirudi kila asubuhi kwa miguu yangu mwenyewe, na kwa hilo siwezi kumlaumu mtu.

Kosa lilikuwa mguu. Papa alikuwa ameweka mguu wa kulia mbele, na mpira wa mbele ameuelekeza kidogo kumfuata. Hakuuliza mtu. Safari njema huanzwa na mguu wa kuume. Babu yake akijikwaa kidole cha kushoto anapotoka nyumbani alirudi ndani na kulala siku nzima. Kumwanzishia mtoto safari kwa kushoto kulikuwa kama kumpa mkubwa kitu kwa mkono wa kushoto.

Dereva alinitazama nikianguka mpaka akachoka. Asubuhi moja, nikiwa nimesimama ufukweni nikikamua nguo, alikuja nyuma yangu akanisukuma mabegani ghafla. Mguu wangu wa kushoto uliruka mbele kunizuia nisianguke. Alinisukuma mara ya pili, mara ya tatu. Kushoto, kushoto.

"Huyu anaanza na kushoto," alimwambia Papa. "Wazungu walikuwa wanasukuma watoto wao hivi. Geuza mupira."

Papa alinuna. Mwisho akachukua bisibisi. Dereva akauliza, "Na ule mwingine? Yeye ni muguu gani?"

Papa alimtazama kama mtu aliyesikia matusi. Nani angekwenda nyuma ya binti wa Direkteri amsukume mabegani? Akageuza mpira kwa mguu wangu na kusema watoto hawa ni sawa, hata viatu waliwahi kuchangia.

Asubuhi iliyofuata nilisimama. Sina maneno mengi ya hilo. Maji yalikuwa chini yangu magumu kama sakafu, mawe na kina mama na makarai yao vikabaki nyuma, na Papa alikuwa amepanda juu ya jiwe, kofia mkononi, hapungi, ameishika tu. Nilizunguka mara tatu. Niliposhuka nilitapika, na nilikuwa na furaha.

Tulipeleka ubao kilimani mimi na Papa, yeye mbele mimi nyuma. Tulipita mlango wa jikoni. Mke wa Direkteri alikuja, akauinamia ule mpira wa kamyo, akanusa, akamwita mtumishi alete chupa ya dawa ya kuoshea vidonda. Akaimimina ndani ya mahali pa mguu, ikajaa, ikawa nyeupe kama maziwa, akaiacha ikae.

"Si kwa ubaya," alisema. "Kule site upele ni mwingi."

Nilikuwa na mapunye kichwani wakati ule, nimenyolewa na kupakwa dawa ya zambarau, hilo kweli. Miguuni sikuwa na kitu ila malengelenge ya mpira wake. Na kichwa chake yeye, miaka kadhaa, kilikuwa kimelala mapajani pa Mama, na Mama alimtoa chawa humo na kuwaponda kwa kucha bila kumwaga dawa yoyote. Rafiki yangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani. Aliitazama ile dawa, akanitazama, akatazama chini. Papa alisema, "Asante, Mama Direkteri." Nilitamani atoke mtu yeyote, hata mwizi, ampige kofi Papa badala yangu. Tulishuka kilima, mimi hatua kumi nyuma yake.

Siku ya wageni niliamka mapema. Mama hakuniaga lakini alinipigia pasi gauni. Nilikwenda na Papa, ambaye aliambiwa awepo na nyundo yake ikiwa ubao utavunjika. Yeye alisimamishwa chini ya ngazi za baraza pamoja na watumishi, mimi nikapelekwa kwenye kibanda cha boti. Juu kule niliona suti, glasi, wanawake wenye miwani ya jua, na mpiga picha na kamera yake ya miguu mitatu.

Rafiki yangu alikuja amevaa nguo nyekundu ya kuogelea na kofia nyeupe ya mpira iliyofunika nywele zote. Alikuwa amejikumbatia ingawa jua lilikuwa kali. Wiki ile alikuwa amejaribu mara mbili tu, akaanguka mara zote. Alianguka mara ya kwanza mbele ya wageni, nao wakacheka kwa upole. Alianguka ya pili. Ya tatu alipelekwa na boti hatua chache akiwa amelala ubavu, wakamrudisha akikohoa, na juu ya baraza watu walikuwa wameanza kugeukia sahani.

"Muguu wangu wa kuume njo wenye nguvu," aliniambia kwa sauti ndogo tulipobaki wawili. "Huu unaniangusha."

Nilielewa. Ubao ule ulikuwa wangu tangu uzi mpaka parafujo. Hakuna aliyethubutu kumvua viatu, hakuna aliyethubutu kumsukuma, na sasa alikuwa akinywa ziwa kwa sababu ya heshima hiyo.

Direkteri na mke wake waliteremka kwa njia ya nyuma, haraka. Nilisimama wima, nikidhani zamu yangu imefika. Ilikuwa imefika. Mke wake alimvua binti yake ile nguo nyekundu nyuma ya kibanda, akanivika mimi ikiwa imelowa na baridi, akaichukua kofia ya mpira akaivuta kichwani kwangu kwa mikono yake miwili, mpaka masikio yakaingia.

"Usiivue," alisema. "Usiangalie ku baraza. Ukimaliza unapita huku nyuma."

Nilimtazama Direkteri nikingoja aseme lile neno lake, kama zamani. Yeye alikuwa akinipima kwa macho, jicho moja amelifumba.

"Kutoka mbali," alisema, "watoto wote wanafanana."

Rafiki yangu alikuwa amejikunyata kwenye kona ya kibanda ndani ya gauni langu lililopigwa pasi. "Enda wewe," alisema. "Mimi maji sitaki." Hakuwa na ubaya, sijawahi kumwekea.

Nilikwenda. Mguu wa kushoto mbele, dawa ya vidonda ikiniwasha malengelenge. Kamba ikanivuta, nikasimama mara moja. Tulipita mbele ya baraza na makofi yakaanza. Wageni walisimama, glasi juu. Waliita jina, wote pamoja, na jina halikuwa langu. Dereva aligeuka kunitazama, akageuka mbele tena. Tulizunguka na kupita mara ya pili, na hapo nilifanya jambo ambalo hakuna aliyeniagiza: nilitoa mkono mmoja kwenye kamba nikawapungia. Ndipo mpiga picha alipopiga.

Niliporudi kibandani mke wa Direkteri aliitaka nguo nyekundu. Kofia aliishika kwa ncha za vidole, akaiangalia ndani, akanirudishia. "Hii uende nayo," alisema. Nilijua ni kwa nini, na bado nilishukuru. Nilikwenda nayo nyumbani nimeivaa.

Jioni tulikaa kula. Papa alinawa mikono akisimulia, na kwa mara ya kwanza kwa siku nyingi sauti yake ilikuwa na nguvu. Ubao haukuvunjika. Mkubwa mmoja wa Leopoldville alishuka ngazi kuja kumsalimia kwa mkono, akauliza kama ni yeye aliyeuchonga, akasema Wabelgiji wenyewe wasingeweza. Kisha akaonyesha ziwani akamwuliza, "Ule njo mutoto wa Direkteri?"

"Na wewe ukasema nini?" Mama akauliza.

"Nikasema ndiyo, Mukubwa. Njo yeye." Papa alitazama sahani. "Ningesema namna gani?"

Mkono wa Mama uliokuwa na tonge la bukari ulisimama njiani. Akalirudisha tonge sahanini, akainuka, akaichukua ile kofia kichwani kwangu na kuitia ndani ya mbabula, juu ya makaa. Ilijikunja, ikalia, ikatoa moshi mweusi uliokaa uani mpaka tukaingia ndani. Nililia sana. Harufu ninayoikimbia mpaka leo ni hiyo.

Zilipita kama wiki tatu. Siku moja mtumishi mpya wa Direkteri alileta kifurushi. Ndani kulikuwa na picha kubwa, katika fremu yenye kioo, na nyuma yake kwa mwandiko mzuri wa karani imeandikwa: Kwa seremala wetu, kumbukumbu ya binti yetu. Maji yamepasuka pande zote, mtoto mdogo mwembamba amesimama katikati, kofia nyeupe, mkono juu, mguu wa kushoto mbele.

Papa alifurahi kweli. Alichukua nyundo, akachagua mahali ukutani, juu ya meza ya kulia, akapapasa kutafuta ugumu.

"Sitaki picha ya mutoto wa watu mu nyumba yangu," Mama alisema.

"Mama, ni mimi," nikasema.

"Mimi ninajua ni wewe. Ambia ule aliyekukataa."

Papa alikuwa na misumari miwili midomoni, kama wanavyofanya maseremala wote. Alitoa mmoja, akatoa wa pili, akaitia mfukoni. Aliutazama mguu wangu, si uso, ule mguu aliouweka kwenye paja lake na kuupima kwa uzi. Kisha akaichukua picha akatoka nayo, nami nikabaki nalia, na sikuiona tena.

Nimewachukia wengi kwa habari hii. Nilimchukia Direkteri mpaka waasi walipokaribia na akakimbia na boti ile ile, na nikaendelea kumchukia baada ya hapo. Nilimchukia mke wake kila nilipopita hospitali na kunusa ile dawa. Papa nilimsamehe, lakini ilichukua miaka, na hakujua. Kinyaa kinachobaki ni changu mwenyewe. Siku ile ya picha Mama alidhani nalia kwa sababu ya alichosema Papa kwa yule mkubwa. Nililia kwa sababu picha haikutundikwa. Nilitaka ikae pale ukutani, watu wakija waione, hata kama ningelazimika kuwaambia ni mtoto wa Direkteri.